Ainisho la Wafugaji wa Njiwa wa Chunya, kwa Kuzingatia Madhara Yao Wakati wa Kuatamia

Charles Darwin alipita Galápagos mwaka 1835 akarudi na wale ndege wadogo wanaomletea sifa hadi leo. Hata hivyo, alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, sura ya kwanza aliijaza njiwa. Alikuwa akiwafuga nyumbani kwake, tena alikuwa mwanachama wa vyama viwili vya wafuga njiwa vya London. Whitwell Elwin, aliyepewa mswada ausome, alishauri mwandishi aachane na mengine yote aandike juu ya njiwa tu, maana njiwa kila mtu anawapenda. Hakusikilizwa. Dunia ikapata nadharia, Chunya ikakosa kitabu.

Darwin aliainisha njiwa. Wenye mabanda aliwaacha. Ndilo pengo tunalokusudia kuliziba. Chiriku na mshigi wa porini, wadogo kama wale wa Galápagos, tumewaweka kando, kwa kuwa wapo chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 na si wa kufungiwa ndani bila kibali. Njiwa wa banda hana matatizo hayo. Tatizo lake ni mwenye banda.

Spishi ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote, ni *Mfugaji chungulizi*. Hupatikana kwa wingi Chunya mjini na Makongolosi, kwenye nyumba za kupanga zenye ua. Njiwa wake akitaga, naye hana tena usingizi. Mayai ni mawili, yataatamiwa kwa siku kama 18, na wazazi wana zamu zao: dume hukaa tangu asubuhi jua likishapanda hadi alasiri, jike hushika muda uliobaki pamoja na usiku kucha. Chungulizi huja saa tatu usiku na tochi ya simu. Jike humpiga bawa mkononi, puu, kisha huruka gizani, na gizani njiwa haoni njia ya kurudi. Mayai hulala na baridi hadi alfajiri. Asubuhi mwenye mali hulaumu mbegu. Kitaalamu kuchungulia kunaruhusiwa mara moja, kama siku ya saba, tena mchana: yai likimulikwa likaonyesha mishipa myekundu, lina uhai, likiwa jeupe tupu, halina.

*Mfugaji mchimbaji* ana tabia ya kulisha kulingana na mwamba. Shimo likitema, njiwa hula mchele, karanga, hata mkate. Mwamba ukikata, yeye hufuata rashi ya dhahabu upande mwingine, na banda hubaki kwa jirani ambaye hakuulizwa. Hulka hii ni ya kale katika nchi ya Lupa, ambako dhahabu imekuwa ikiwahamisha watu tangu miaka ya 1920. Kinda la njiwa, kwa bahati mbaya, halijui habari za rashi. Siku zake za kwanza halili nafaka kabisa. Wazazi wote wawili, dume naye, hulitapishia maziwa mazito yanayotengenezwa na kuta za mfuko wa shingoni, ule wa kuhifadhia chakula. Kwa maziwa hayo kinda huongezeka uzito mara dufu ndani ya siku mbili hivi, na nafaka huingia polepole baadaye. Mzazi asiyekula vizuri hana cha kutapisha. Kinachotakiwa ni mtama, mahindi yaliyovunjwa na kunde kidogo, kila siku, dhahabu iwepo isiwepo.

Maji nayo yana kanuni. Kuku huchota tone, huinua kichwa, humeza. Njiwa hutumbukiza mdomo akafyonza mfululizo, kwa hiyo kifuniko cha chupa ya soda kwake ni dhihaka. Kidumu kilichokatwa, chenye maji ya kina cha vidole viwili, kinatosha. La hatari zaidi ni banda kuwekwa karibu na karasha la kusagia mwamba wa dhahabu. Njiwa humeza changarawe ili firigisi isage nafaka, na akikosa safi ataokota marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, yenye zebaki. Moshi wa zebaki inayochomwa uani sitauzungumzia kwa mzaha. Hauchagui kati ya ndege na watoto wa mwenye nyumba.

*Mfugaji tabibu* hujulikana kwa maji ya manjano. Akimwona kinda amepooza, humwaga OTC, dawa ya bakteria. Akimwona amechangamka, humwaga OTC ya kinga. Ugonjwa unaoua makinda wengi, ule wa utando wa manjano kooni, huletwa na kijidudu kisicho bakteria, kinachopita kwenye maji machafu na kwenye hayo maziwa ya wazazi. OTC haikigusi. Zaidi ya hapo, hung'ang'ania madini ya chokaa ambayo jike anayataka kwa ajili ya maganda ya mayai.

*Mfugaji mhasibu* tutampitia haraka, kwani daftari lake linajieleza: jozi kumi, makinda mawili kila mwezi, zidisha. Anachosahau ni kwamba jike hutaga tena kabla makinda ya kwanza hayajatoka, hivyo kila jozi inahitaji viota viwili. Yeye hugawa kiota kimoja kwa jozi mbili. Madume hupigana, mayai huvunjika, na daftari hufungwa.

Kuna kiumbe mwingine anayegoma kuainishwa. Ni mama mwenye nyumba, ambaye husema waziwazi kwamba yeye hafugi njiwa.

"Shikamoo mama. Wangu wameangua?"

"Marahaba mwanangu. Tangu juzi. Ukiwagusa, kodi inapanda."

Huyu asiyefuga ndiye hubadilisha maji, hufagia kinyesi, huponda maganda ya mayai ya kuku. Huleta pia vikonyo vya tumbaku kutoka kwenye bani la kaka yake. Dume huvibeba kimoja kimoja na kumpitishia jike mgongoni, jike huvipanga. Wafuga njiwa wa Ulaya na Marekani hununua vikonyo hivyohivyo kwa ajili ya viota, kwa kuwa tumbaku hufukuza chawa na viroboto. Wilaya yetu ya wakulima wa tumbaku huvitupa.

Limebaki suala lililoigawa kamati yetu ya ainisho: *Mfugaji mlaji*. Banda lake ndilo safi kuliko yote, changarawe haikosekani, hachungulii wala hatibu. Sababu ni kwamba kinda la wiki nne, kabla halijaruka hata mara moja, ndilo nono na laini kwa supu. Wajumbe watatu wanataka awekwe juu ya ainisho lote kwa vigezo vya afya ya ndege. Wawili wanapinga, na mmoja kati ya hao wawili ni chungulizi.