Heko kwa Wanaositasita

Wamekwisha kusifiwa majemadari, manahodha na maharusi. Aliyesahaulika ni yule mzee wa klabu ya briji, karata 13 mkononi, macho darini, watu watatu wakimngoja aseme neno moja na neno halitoki. Wenzake humwita mchelewaji. Waliosoma kitabu cha sheria humwita kwa majina mabaya zaidi. Mimi nasimama leo kumpa heshima yake, kwa sababu bila kusita kwake mchezo wenyewe usingekwenda.

Kwa asiyeujua: briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akimtazama mwenza wake ng'ambo ya meza. Kabla ya karata hata moja kutupwa pana mnada. Kila mtu kwa zamu yake anataja upande wao utakula mizunguko mingapi kati ya 13, na turufu itakuwa pau, uru, kopa, shupaza, au isiwepo kabisa. Ahadi ya chini ni mizunguko 7, nayo hutajwa 1, ya juu ni yote, nayo hutajwa 7, kwa hiyo madau yanayotajika ni 35 tu. Ongeza pasi, dabo ya kubisha kwamba wapinzani watatimiza ahadi yao, na dabo ya kumrudishia aliyekupiga dabo: jumla maneno 38. Hiyo ndiyo kamusi nzima. Na mikono tofauti ya karata 13 ambayo mtu anaweza kugaiwa ni 635,013,559,600.

Sasa mwanadamu afanye nini? Amepewa maneno 38 aelezee mambo bilioni 635, tena kwa mwenza ambaye nusu ya mafunzo waliyokubaliana ameyasahau njiani. Anasita. Ghafla lugha ile maskini inatajirika. Pasi moja inakuwa pasi tatu. Kuna ya haraka, inayotua mezani kabla jirani hajamaliza zamu yake, maana yake sina kitu, niacheni nikanywe chai. Kuna ya wastani, isiyosema neno. Halafu kuna ile ndefu, na hiyo inataka kutazamwa kwa karibu.

Klabuni siku hizi watu hawatamki madau, wanachomoa kadi kwenye kisanduku kilichofungwa pembeni ya meza. Kadi ya pasi ni ya kijani, ya dabo ni nyekundu. Mkono unakwenda kisandukuni, unagusa nyekundu, unaiacha. Unarudi kuzipanga upya karata ambazo zilikwisha kupangika. Unakwenda tena, unaelea, unachomoa ya kijani na kuiweka mezani taratibu, kwa huzuni. Pasi. Mwenza wake hajainua hata jicho, lakini barua nzima amekwisha kuisoma: nina alama 11 au 12 za karata kubwa, kopa zangu nzuri, hawa ningewapiga dabo, ila nakuogopa wewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa hapa unakuja na hesabu ya alama ndani yake.

Wanaoponda kusita wangekumbuka kwanza waliotuhumiwa ulaghai wa kweli walidaiwa kufanya nini. Mwaka 1965, huko Buenos Aires, Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walituhumiwa kupeana idadi ya kopa kwa namna walivyoshika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia likawatia hatiani, uchunguzi wa kwao Uingereza ukawasafisha, na ubishi haujesha hadi leo. Mwaka 1975, kule Bermuda, mashindano ya dunia yakaweka ubao katikati ya meza ili wenza wasionane uso kwa uso. Macho yakazibwa, miguu ikabaki huru, na Mwitaliano mmoja akaonekana akimgusa mwenza wake viatu chini ya meza. Ulaghai wa namna hiyo unahitaji mpango, mazoezi na roho ngumu. Msitaji wetu hahitaji chochote. Hakupanga kitu. Hata akiapa kwamba hakukusudia, anasema kweli. Hata wale wanaokonyezana kwenye karata za barazani hawawezi kudai usafi wa namna hiyo.

Na sheria, kwa hekima yake, inamtetea. Kufikiri si kosa. Kuchelewa bila nia ya kuhadaa si kosa pia. Mtu anaruhusiwa kusita, na wapinzani wanaruhusiwa kuokota maana wakitaka, kwa hatari yao wenyewe. Anayekatazwa ni mmoja tu: mwenza. Yeye kaona, kasikia, kaelewa, na sasa anatakiwa acheze kama aliyekuwa amelala. Ikiwa ana njia mbili ambazo wachezaji wa kiwango chake wangezifikiria, haruhusiwi kushika ile iliyopendekezwa na kimya cha rafiki yake. Niambieni ni wapi pengine, nje ya nyumba za ibada, mtu hufundishwa kujinyima kiasi hicho Jumanne usiku kwa ada ndogo ya meza. Msitaji hutenda dhambi isiyo dhambi, na mwenzake anatakatifuka. Au anashindwa kutakatifuka, na hapo ndipo mwamuzi anapoitwa.

Chukua mnada wa kawaida kabisa, wachezaji wakiitwa kwa pande nne za dunia walikoketi. Kusini anafungua kwa shupaza 1, Magharibi anasema kopa 2, Kaskazini anaunga mkono kwa shupaza 2, Mashariki anapanda hadi kopa 3. Zamu inamrudia Kusini. Kusini anazama. Anatazama karata, anatazama kisanduku, anatazama karata. Pasi. Magharibi pasi. Kaskazini, ambaye hesabu yake yote ilikwisha semwa na zile shupaza 2, anapata ujasiri ghafla na kuweka shupaza 3. Wanakula mizunguko 9 kamili, alama 140. Mashariki anainua mkono: "Mwamuzi, tafadhali!"

Mwamuzi anakuja na kitabu chake kwapani. Kaskazini anaeleza kwa upole kwamba angesema shupaza 3 kwa vyovyote vile, kwani anazo shupaza nne, tazameni. Kila Kaskazini aliyepata kuzaliwa angesema hivyo kwa vyovyote vile. Mwamuzi anawauliza wachezaji kadhaa wa kiwango hicho wangefanya nini, bila kuwaambia habari ya kimya. Wawili watatu wanajibu pasi. Hukumu: mkono unahesabiwa kana kwamba mnada uliishia kopa 3. Kopa 3 zilikuwa za kushinda, nazo pia ni alama 140. Zilezile 140 zimehamia upande wa pili wa meza. Nani mwingine anayeweza kuhamisha mali hivyo bila kufungua kinywa?

Wapo wanaodai mchezo ungekuwa mtamu zaidi kama watu wangetaja madau bila kufikiri. Nawaelekeza Kansas City, mwaka 1929. John Bennett alifungua kwa shupaza 1, na mkewe Myrtle, kama kisa kinavyosimuliwa, akampandisha hadi shupaza 4. Ahadi haikutimia. Wakarushiana maneno, mume akampiga mke kofi, mke akachukua bastola akamuua. Mwaka 1931 mahakama ikamwachia huru. Sisemi dakika moja ya kutazama dari ingemwokoa yule bwana, lakini wanandoa wengi nawajua wanaocheza pamoja, na wote wanaositasita wako hai.

Kupiga vita kusita kumejaribiwa, na matokeo yanapendeza. Uingereza, anayeruka ngazi kwenye mnada huweka kadi nyekundu ya kusimamisha, na anayefuata lazima angoje sekunde kama 10, awe ana kitu au hana. Nia ni kwamba wote wasite sawasawa, kimya kisiwe na maana. Asiye na kitu hutazama dari sekunde mbili, akabandika pasi kama anayepigilia msumari. Mwenye shida yake hutumia zote kumi na kuomba nyongeza. Kwa hiyo kadi iliyokuja kuua kusita imekuwa saa ya kukupimia. Marekani waliziondoa kadi zao mwaka 2018. Tangu 2020, vilabu vilipohamia mtandaoni kwa sababu ya korona, imezuka hata daraja jipya la kimya: hakuna ajuaye kama mwenza anafikiri, intaneti imekatika, au birika limechemka.

Naomba tu msitaji asichanganywe na mwigizaji, yule mwenye karata moja tu ya kopa anayejifanya kuchagua ipi atupe ili mpinzani apotee. Huyo ni tapeli, sheria inamkamata, na sifa zangu hazimhusu.

Kinachobaki ni ushahidi, maana mwamuzi hakuwepo kimya kilipotokea. Wapinzani watasema dakika nzima. Mwenza atasema kasi ya kawaida. Mwamuzi anamgeukia mhusika mwenyewe: "Bwana, ni kweli ulisita?" Mzee anaweka karata kifudifudi. Anavua miwani. Anaifuta, anaivaa tena, anatazama dari, anamtazama mwenza wake, anarudi darini. Chai za meza zote zinapoa.

"Hapana," anasema.