Shangazi Redioni

Anayetaka kumtia ndugu yake kwenye hadithi angalau awe mtu wa mji mkubwa. Bukavu haufai kwa kazi hiyo. Mji umebanwa kati ya milima na Ziwa Kivu, rasi zake zimetumbukia majini, na ukitoka Panzi kwenda Bagira utapita mbele ya macho ya watu waliokula harusi ya wazazi wako. Hapa hata deni halifichiki, sembuse shangazi.

Mimi nilijipa moyo kwa Charles Dickens. Mwandishi huyo Mwingereza alikuwa na baba, John, aliyefungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824. Mtoto alingoja akakua, akamchukua mzee mzima mzima, akambandika jina la Bwana Micawber na kumtia katika riwaya ya David Copperfield. Mama yake, Elizabeth, naye hakusalimika: alikwisha kugeuzwa Bi. Nickleby, mama msemaji ambaye sentensi zake huanza safari kuelekea Goma zikafika Uvira. Dickens mwenyewe aliandika katika barua kwamba Bi. Nickleby wa kweli alikaa kitini mbele yake, akamuuliza kama anaamini kweli kwamba aliwahi kuishi mwanamke wa namna ile.

Niliposoma hayo nikapata ujasiri. Ikiwa mama wa Dickens hakujiona, shangazi yangu atajionea wapi?

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na anauza sambaza, dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu. Kwa kuwa nina jina la babu, huniita "papa" kwa heshima zote, kisha hunituma chumvi. Hauzi kopo moja bila methali, na kila methali huanza na "Bakubwa balisema". Bakubwa balisema asiyeonja asiulize bei. Bakubwa balisema kopo halijai kwa macho. Bakubwa balisema sambaza mdogo ndiye aliyemlea mkubwa. Siku moja nilimkumbusha kwamba sambaza si wenyeji wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, basi wakubwa hao waliyasema lini? Akanijibu kwamba baba yake alikuwa mkubwa, na alikufa akiwa amewala sana.

Siku asizouza, huvuka daraja la Ruzizi asubuhi akiwa mwembamba, na jioni hurudi kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, amenenepa ghafla, vitenge vitatu kiunoni, kimoja juu ya kingine. Mpakani watu humpisha kwa upole, kama anavyopishwa mjamzito. Ana miaka zaidi ya sitini.

Mtu kama huyo ukimwacha bila kumwandika unapoteza mali. Nikaandika mchezo wa redio, na kumficha nilijitahidi. Shangazi ni mfupi. Wangu nikamfanya mrefu. Shangazi yuko Kadutu. Wangu nikamhamishia Nyawera. Shangazi ni mjane; wangu nikampa mume, tena mnyamavu, ili asimpunguzie maneno. Shangazi huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Wangu nikampeleka kanisa la uamsho. Nikabakiza vitu vidogo tu: methali, vitenge, na ile tabia ya kukuongezea matabishi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukirudisha sambaza wawili kwenye beseni. Yaani nilibadilisha nguo, mtu nikamwacha.

Jina lilinisumbua zaidi. Bukavu kila jina zuri lina mwenyewe. Nenda Kadutu uite "Mama Furaha!" uone nusu ya soko inavyogeuka, na nusu nyingine inavyokuuliza unamtafutia nini. Nikachagua Mama Mapendo, nikidhani ni wachache.

Mchezo ulirushwa na redio moja ya mjini, jioni, baada ya habari. Kwetu redio ni mtu wa nyumbani. Tangu Radio Maendeleo ianze mwaka 1993, watu wamezoea kusikia mambo ya mtaa wao yakisemwa kwa Kiswahili chao. Na kwa kuwa habari zetu mara nyingi huanza na bunduki, mama anayebishana na mteja juu ya samaki wa urefu wa kidole alipokelewa kwa shangwe ambayo sikuitarajia.

Asubuhi yake Mama Mapendo walianza kujitokeza. Wa kwanza alitaka samahani. Wa pili alitaka sehemu yake ya pesa. Wa tatu alinivuta pembeni, akaninong'oneza: "Kweli mume wangu hasemi. Lakini weye ulijuaje?"

Binamu yangu aliyesomea sheria alikuja na kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu, kile cha kumzushia mtu hadharani jambo la kumvunjia heshima. Nikamwambia hii ni hadithi, hakuna aliyezushiwa. Akafikiri kidogo, akauliza: "Vile vitenge vilikuwa vitatu, au umesema tu vitatu? Kwa sababu kama ni vitatu kweli, hiyo haiko hadithi. Ni ushahidi."

Baba mdogo yeye alikasirikia upande mwingine. Alisema alinilipia minervali miaka yote ya shule, na leo mchezo mzima unakwisha bila hata mlevi mmoja wa kufanana naye.

Shangazi mwenyewe aliniita chakula. Nilikwenda kwa miguu mizito. Nikakuta bugali, sambaza wa kukaanga na sombe, na shangazi anacheka mpaka kilemba kinamfunguka. "Papa," akasema, "uyu mama haiko na haya! Miye namujua. Njo ule jirani wa chini. Kutwa methali, methali. Bakubwa balisema, mwenye kusema sana habaki na akiba."

Kulipokucha, akatoka kwenda kumpa jirani pole kwa kuanikwa redioni. Walikutana katikati ya njia. Jirani naye alikuwa anapanda kwa shangazi, kwa shughuli ileile. Walipeana pole ndefu, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kutoelewa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na siamini kwamba shangazi, au mama wa Dickens, alikuwa mzito wa kuelewa. Ukimpenda mtu unamtazama kwa miaka: anavyofunga kilemba, anavyomkazia jicho mteja. Yeye hana nafasi ya kujitazama. Shangazi anajijua kwa mambo mengine kabisa: zamu ya likelemba, upatu wetu, wiki hii ni ya nani, minervali ya wajukuu imebaki kiasi gani, ndoo ngapi zimeshushwa bichi ya Muhanzi alfajiri baada ya wavuvi kukesha na taa zao. Methali zinazonichekesha mimi, kwake ni vifaa vya kazi, maana mteja anayecheka hahesabu samaki. Mama Mapendo ana maneno yote ya shangazi, lakini hana hata deni moja. Shangazi angejitambuaje katika mtu asiye na deni?

Lakini ikiwa hakujiona mle, hilo halikumzuia kuchukua. Nilikuwa nimembunia Mama Mapendo mtindo wa kugonga kopo kwa kijiko mara tatu kabla ya kumimina. Ni wangu mtupu, niliuweka ili fundi wa mitambo apate sauti ya kucheza nayo. Muda si muda nikamkuta shangazi anagonga. Nilipomuuliza, akasema amegonga tangu utoto, na kwamba huenda yule mama wa redio ndiye aliyemwiga.

Balaa lenyewe lilitokea kwenye bei. Mama Mapendo alikuwa akiuza kopo kwa franka 2000. Hesabu hiyo niliiokota kwa sababu inatamkika vizuri na mwigizaji hakwami. Wateja wa Kadutu wakaishika. Shangazi akitaja bei yake, wanamwambia: "Mama, hata redioni ni 2000!" Alibishana nao kwa methali zote za bakubwa, wa kweli na wake, zikashindwa na redio.

Akanipigia simu. "Papa, ambia uyu mwanamke wako apandishe bei. Anatuharibia soko."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hakuna mwanamke huyo, nimemtunga.

"Kama hayuko," akasema, "kupandisha kuna shida gani?"

Katika kipindi kilichofuata kopo la Mama Mapendo lilifika franka 3000. Nilikuwapo Kadutu asubuhi mteja mmoja alipopiga kelele. Shangazi aligonga kopo mara tatu, akamtazama kwa huruma nyingi. "Miye nitafanya je? Bei haiko yangu. Redio njo ilisema."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa wa pili kwenye foleni. Nililipa 3000, na matabishi hakunipa.