Hotuba juu ya Ilmu ya Dhifa ya Krismasi Mpakani Tunduma

Mabibi na mabwana, wenyeji wa Tunduma, nanyi mliosafiri kutoka Vwawa, Mlowo na Ileje kuja kujichotea maarifa: kwa kuwa hapana katika mkoa huu wa Songwe, tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 hata hivi leo, mtu aliyeitaamali ilmu ya dhifa kwa kina kama mimi, imenipasa, kwa taadhima yote na bila ya kungoja kuombwa, nisimame niwafunze namna ya kuwakirimu wageni usiku wa Krismasi. Wako mahasidi wanaonong'ona kwamba sijapata kushika mwiko. Nawajibu: kadhi halazimiki kuiba ndipo aujue wizi.

Jambo la awali si nyama wala mchele, bali ni saa. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, majira ya Zambia yako nyuma ya yetu kwa saa moja kamili, hata mtu akivuka kwa miguu, mwendo wa kumaliza muwa, hufika kabla hajaondoka. Basi mwenyeji asiye na ilmu humwalika shemeji yake wa Nakonde kwa saa moja usiku, naye shemeji, muungwana asiyejua kuchelewa, hubisha hodi saa mbili yetu, pilau imekwisha kushika ukoko na mashemeji wa upande huu wamekwisha kuzimaliza soda; kisha pande zote mbili huapa kwamba zilifuata saa, na zote ni kweli. Dawa yake nimeivumbua mwenyewe: wa Nakonde waalikwe kwa saa kumi na mbili yao, ama wa Tunduma, ambao kuchelewa kwao hakutokani na saa yoyote ile, waalikwe kwa saa kumi alasiri.

Mchele na uwe wa Kamsamba. Jogoo anunuliwe mapema, afungwe mguu uani, na watoto wakatazwe kabisa kumpa jina. Mkaa uingizwe ndani, maana Desemba ni mwezi wa mvua huku kwetu, na mkaa ulioloa humliza mama mwenye nyumba kabla wageni hawajamliza. Ugali nao usikosekane, kwani aghalabu hutokea mheshimiwa akala sahani mbili za pilau, akanawa, kisha akauliza kwa upole chakula kitakuwa tayari lini. Habari za iliki, mdalasini na bizari siziingii. Hayo ni mambo ya wapishi.

Wamebaki wageni wasioalikwa, nao katika mji wa malori hawana budi kuja: foleni ya kwenda Zambia na Kongo ikikwama, dereva aliyekusudia kula Krismasi Lubumbashi huila kwako, yeye na utingo wake. Msinung'unike. Kumbukeni kile Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10, mgeni mzito kuliko wote waliopata kuingia nchi hii, aliyeshuka bila ya kualikwa, na hadi leo hajaaga.

Maswali nitayapokea baada ya chakula. Na kwa kuwa, hadhirina, mwaka huu hapana hata mmoja wenu aliyekwisha kuniletea mwaliko, natangaza hadharani kwamba usiku ule nina nafasi, kwa saa za pande zote mbili.