Simu Mpya, Laini Ileile: Mwongozo wa Kuhama kwa Watu wa Mlimani

Jibu ni hapana. Simu mpya haidai laini mpya, na jibu hili litamkwe kwa sauti itakayofika ng'ambo ya Mto Chania. Kila Desemba vijana hurudi nyumbani kutoka Nairobi na zawadi za simu, na kila Desemba kuna mzee wa Othaya, Tetu au Mukurwe-ini anayeachana na namba aliyoitumia miaka mingi kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba si lazima. Mpangaji akihama Ruring'u kwenda King'ong'o, jina lake halibaki kwenye nyumba ya zamani. Nawe hama na namba yako.

Kabla hujagusa boksi, tenganisha vitu vitatu ambavyo tumezoea kuvifunga fungu moja: simu, kadi na namba. Simu ina kitambulisho chake cha tarakimu 15. Bonyeza *#06# nacho kitajitokeza chenyewe bila kuitwa mara ya pili. Ni kwa kitambulisho hicho Kenya ilizima simu bandia zaidi ya milioni moja, usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2012. Zilizozimwa ni simu. Kadi zilizokuwa ndani yake hazikuwa na kosa, na mwenye kadi aliitia kwenye simu halali akaendelea na maisha. Kadi nayo ina tarakimu zake 15, zinazoanza na 639, alama ya Kenya. Ama namba yako, ile unayowaandikia watu kwenye karatasi, haina makao ya kudumu ndani ya simu wala ndani ya kadi. Imeandikwa katika rejista ya kampuni, ikielekezwa kwenye kadi uliyo nayo leo. Ndiyo maana kadi ikivunjika au ikimezwa na ng'ombe unakwenda kurinyu laini, unapewa kadi nyingine, na namba inakufuata.

Asiyeamini amtafute mtu mwenye namba ya zamani ya 0733. Alianza na KenCell mwaka 2000. Mwaka 2004 kampuni ikawa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, mwaka 2010 ikawa Airtel. Kibao cha dukani kimepakwa rangi upya mara kwa mara, simu zimemfia mikononi, na namba bado ni ileile. Tangu Aprili 2011 sheria inamruhusu hata kuhamia kampuni nyingine na namba hiyo hiyo. Ukweli wenyewe ndio huo: vitu vingine vyote vinabadilishwa, namba inabaki.

Sasa twende dukani, iwe ni Kimathi Way mjini Nyeri au kando ya soko la Karatina. Utakutana na muuzaji mchangamfu aliyesimama chini ya mwavuli, mwenye fungu la laini mkononi. Mazungumzo huwa hivi:

"Cucu, hii simu ni ya kisasa. Hiyo laini yako ya zamani haiwezi kuingia."

"Imekataa, ama hujaijaribu, kijana wangu?"

Likariri swali hilo la cucu. Liulize kwa upole, kisha simama palepale mpaka laini ijaribiwe. Mara nyingi kinachokataa ni plastiki tu. Kadi za simu nyingi za kabambe zina milimita 25 kwa 15; simu janja za leo hutaka milimita 12.3 kwa 8.8. Kinachofanya kazi ni chipu ndogo iliyolala chini ya ile sehemu ya rangi ya dhahabu, na plastiki inayoizunguka ni ya kushikia. Fundi ana kikatio chake cha mkono na ataipunguza papo hapo. Mwombe akuonyeshe kwanza kadi aliyomkatia mteja mwingine, maana fundi mwenye haraka hukata mpaka kwenye dhahabu, na hapo huna budi kurinyu. Kadi ikiwa ya zamani sana, yenye dhahabu pana, usiikate kabisa. Peleka kitambulisho kwenye duka la kampuni, uchukue kadi mpya yenye namba yako.

Na watu wa Nyeri wasiiogope chipu. Kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo nje ya mji, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kinachoshughulika na vifaa vya aina hiyo. Mji ulio na kiwanda kama hicho haufai kudanganywa na mtu wa mwavuli kuhusu kipande cha plastiki.

Kuna nyakati kadi mpya inahitajika kweli, nami sitakuficha. Safaricom ilianzisha 4G mwishoni mwa mwaka 2014, na kadi nyingi zilizotolewa kabla ya hapo hazikuweza kuipokea. Kama simu yako mpya ni ya 4G na intaneti inatambaa wakati jirani mnayetumia mtandao mmoja anatazama video bila kukwama, kadi ndiyo ya kwanza kuulizwa. Wakati wa pili ni pale binamu anaporudi kutoka Marekani na iPhone. Kuanzia iPhone 14, mwaka 2022, simu za aina hiyo zinazouzwa Marekani hazina tundu la kadi. Ndugu wa Nanyuki wameigeuza simu kama hiyo juu chini, wakaichungulia kila upande, wakamlaumu binamu. Binamu hana hatia. Simu hiyo hutumia laini ya kielektroniki, inayopakiwa ndani ya simu bila kadi, na kampuni zetu zinaitoa. Unakwenda na kitambulisho, unaomba uhamishiwe namba yako ileile. Lakini fikiria jambo moja kabla ya kukubali: siku stima ikipotea na betri ikaisha, hutaweza kuchomoa laini hiyo na kuitia kwenye kabambe ya shamba. Kwa mzee anayeishi peke yake kule juu karibu na msitu, mimi naona heri simu yenye tundu.

Sasa uhamaji wenyewe. Anza na majina ya watu, maana hapa ndipo machozi hutoka. Kadi ya kawaida hubeba takriban majina 250. Mengine yako kwenye kumbukumbu ya simu, na hayo hayatoki na kadi. Kwenye kabambe, nenda kwenye orodha ya majina, yanakili yote yaingie kwenye kadi, ndipo uizime simu. Ukiwa unapewa kadi mpya, fanya kinyume: yaondoe majina kwenye kadi ya zamani uyaweke kwenye simu au kwenye akaunti ya Google, kwa sababu kadi mpya huja na namba yako lakini huja bila Wambui wa Mboga, bila Fundi Kamau, bila daktari wa ng'ombe. Kwenye kabambe kadi mara nyingi imejificha chini ya betri. Kwenye simu janja kuna kitundu cha pini ubavuni. Hakikisha ni hicho hasa, maana kwingineko kuna kitundu cha maikrofoni, na ukikidunga utabaki na simu inayosikia lakini haisikiki.

M-Pesa haina haja ya kusafirishwa. Tangu ilipoanzishwa Machi 2007, menyu yake imekaa kwenye kadi na pesa zenyewe ziko kwenye akaunti, kwa hiyo zote mbili zinafika salama, na namba ya siri haibadiliki. Menyu isipoonekana, bonyeza *334#. WhatsApp hifadhi nakala kwanza, kisha ifungue kwenye simu mpya kwa namba yako ya siku zote. Utatumiwa tarakimu sita. Usimsomee mtu yeyote tarakimu hizo, hata akisema ni mweka hazina wa chama, hata akilijua jina la mama yako.

Hapa nazungumza kwa uzito. Namba ya mkulima wa kahawa wa Mathira ndiyo inayopokea malipo yake. Ndiyo eCitizen inayoitumia msimbo, ndiyo benki inayoijua, ndiyo mtoto aliye Qatar anayoikumbuka kwa moyo akipata shida saa nane za usiku. Ukiitupa kwenye droo kwa sababu umeuziwa nyingine, ikakaa miezi mingi bila kutumika, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, na mgeni wa Kutus ataanza kupokea habari zako. Na laini ya mwavuli ina hatari yake ya pili, kwa kuwa kitambulisho chako kimepigwa picha na mtu usiyemjua. Bonyeza *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda ukaikane.

Kuna pia mwizi asiyehitaji kukuona. Hujifanya wewe, akaomba namba yako ihamishiwe kwenye kadi yake. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu yako pekee huku wengine nyumbani wakiongea bila shida. Usingoje asubuhi. Azima simu, upige kwa kampuni laini ifungwe. Mteja wa Safaricom anaweza kujikinga mapema kwa kubonyeza *100*100#, ili namba isihamishwe bila yeye mwenyewe kufika dukani. Kampuni hiyo humpigia mteja kwa namba moja, 0722 000 000. Anayepiga kwa nyingine akitaka namba yako ya siri, mkatie simu bila kuaga, adabu haivunjiki.

Imebaki simu ya zamani, ambayo mpwa amekwisha kuitolea macho. Usimpe bado. Toa kadi ya kumbukumbu, kisha ondoa akaunti yako ya Google ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kabla ya kuiondoa, simu inaweza kumdai mpwa neno lako la siri, naye yuko bweni Chuka na haruhusiwi kukupigia mpaka shule ifungwe.