Madaktari wa Kwenye Benchi

Ukiambiwa ufike hospitali ya Rumonge saa mbili asubuhi, hiyo ni saa ya kuwasili. Saa ya kuonwa na dokta anaijua Mungu. Watu wa Kigwena na Minago wameshapanda Probox gizani, wamejipanga kwenye benchi kwa utaratibu wanaoujua wenyewe. Uliza wa mwisho ni nani, watakutazama kana kwamba umeuliza mwizi ni nani.

Kwanza kase, dirisha la kulipia. Bila risiti hupati fishi, karatasi ya matibabu; bila fishi wewe si mgonjwa, hata uwe umebebwa. Mwenye CAM, ile kadi ya msaada wa matibabu, hulipa asilimia 20 tu. Asiye nayo hulipa yote huku akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure tangu 2006, ndiyo maana pale dirishani mama mmoja alikuwa akiapa kwamba mwanawe ana minne. Karani akawa ameshaamini. Mtoto, kwa kuchoka kusubiri, akaanza kusoma tangazo la ukutani kwa sauti, mpaka kwenye mhuri wa wizara.

Kisha kuitwa. Muuguzi anatoka na rundo la fishi: "Niyonkuru!" Wanasimama watano. Kwetu Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, hata ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana lake, basi Niyonkuru huyu na yule aliye mlangoni hawajuani kabisa. "Niyonkuru Jeanne!" Wanabaki watatu, mmoja wao mwanamume anayesema kamwakilisha mkewe. Sisi Waswahili wa mjini tulicheka sana, mpaka alipoitwa Juma Hamisi. Nusu ya benchi ikasimama.

Benchi lenyewe ndilo hospitali. Nilikwenda kupimwa tansiyo, shinikizo la damu. Sijaketi vizuri, bibi wa kuliani, aliyekuja kwa ajili ya magoti, alikwishanipa dawa: majani ya mparachichi, yachemshwe. Mvuvi wa kushotoni akapinga: kitunguu saumu, tena kibichi. Wakagombana juu ya kichwa changu, mgonjwa nikasahauliwa. Mwanamke wa nyuma, ambaye hata haumwi, kaja kumsindikiza shangazi yake, akasema ninachoumwa mimi ni madeni. Hakukosea sana.

Nilipofungwa kitambaa cha kupimia mkononi, muuguzi alikunja uso.

"Baba, umekimbia?"

"Hapana, dada. Nimekaa."

Laboratwari nako kuna mambo yake. Mzee mmoja aliambiwa alete mkojo wa asubuhi, akauleta katika chupa ya mawese iliyooshwa kwa maji baridi, jambo ambalo mtu wa Rumonge hapaswi kulifanya. Fundi akaiinua kwenye mwanga: juu kunaelea kitu chekundu. Akamtazama mzee kwa huruma nyingi.

"Usiogope, mwanangu," mzee akamtuliza. "Hicho cha juu ni cha mke wangu, cha jikoni. Changu ni cha chini."

Na dokta? Dakika chache. Kijana mpole, kwa lafudhi yake mtu wa milimani, aliandika bila kuinua kichwa: "Mzee, punguza mafuta na chumvi." Nikachungulia dirishani. Michikichi imeshuka kutoka vilimani hadi kando ya barabara ya Bujumbura. Mji huu mawese ndiyo yaliyoulea, na ndagala asiyekaangwa hapa hahesabiwi kuwa kitoweo. Mafuta yaliyopungua nchini ni ya magari tu. Nikajibu, "Ndiyo, dokta," kama tunavyojibu wote.

Dawa nikapata nusu, nyingine nikaambiwa nizitafute mjini. Nina tarehe ya kurudi, na yule bibi wa magoti kapewa hiyohiyo. Tumepatana: yeye ataleta ugali wa muhogo, mimi nitaleta ndagala wa kukaanga. Tutakula nikishapimwa.