Raba za Shemeji

Shemeji yangu alinunua raba mpya kwa ajili ya maporomoko ya Ngare Sero, na tangu Arusha hadi Mto wa Mbu tulisimuliwa habari za soli zake. Hapo tukaiacha lami, na mitikisiko ikamnyamazisha. Mbele ni vumbi na mawe hadi Engaresero, kijiji cha jirani na Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Wanajiolojia husema lava ya mlima huo ndiyo ya baridi kuliko zote duniani: nyuzi 500 hadi 600 tu. Nilipofungua mlango wa gari nikawaelewa.

Kijana wa Kimasai wa kutuongoza alitaka tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Shemeji akataka chai kwanza. Baada ya chai, mayai. Baada ya mayai, picha: raba mbele, mlima nyuma. Tukaondoka saa nne.

Kijana alivaa katambuga, viatu vya tairi la gari. Akazitazama raba, akauliza kwa heshima, "Mzee, hizo zitapita majini?"

"Haziingizi maji hizi."

Na kweli hazikuingiza. Maji yaliingilia juu, kwenye vifundo, na yakishaingia hayakupata pa kutokea. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ni mto wenyewe: unavuka, unapanda mawe, unavuka tena, huku kuta za korongo zikikurudishia joto ambalo jua limekupa tayari. Shemeji akawa anatembea chubwi, chubwi. Maji yetu ya kunywa yalichemkia ndani ya chupa, yakibakiza kutiwa majani ya chai. Mke wangu alipomshauri kaka yake avue viatu ayamwage maji, alijibiwa kwamba viatu vya kisasa hujikausha vyenyewe.

Sijui gundi ilishindwa na jua au na mto. Kwenye kivuko kimoja soli ya kulia ilibanduka yote, ikaelea mbele yetu bila haraka, ikashika njia ya Natron. Ziwa lile halina mto unaotoka, na magadi yake yanasifika kwa kukausha mizoga ya ndege ikabaki na manyoya yake. Soli ile itatuzika sote.

Kijana akavua katambuga zake bila neno, akampa, akaendelea peku juu ya mawe ambayo mimi niliyarukaruka nikiwa na viatu. Tena akatuacha nyuma.

Maporomoko yenyewe hayana haja ya maneno mengi: maji yanabubujika kutoka ukutani mwa korongo, mitende imesimama juu, nasi watu wazima tumekaa chini yake na nguo zetu, tunapiga kelele. Shemeji ndiye aliyepiga kubwa zaidi.

Wakati wa kurudi mke wangu alitukumbusha kwamba ratiba inazo pia chemchemi za maji moto, kule ziwani. Tulimtazama tu. Kaka yake akasema yeye maji moto ameshayaoga, ndani ya raba.

Kijijini akataka kuzinunua zile katambuga. Kijana akaikagua raba iliyobaki nzima, akafikiri kidogo, akataja bei iliyozidi ya raba zote mbili zilipokuwa dukani. Shemeji, mtu wa kubishania hata fungu la nyanya, akalipa palepale, na chenji akaiacha.