Sifa za Abiria wa Kiti cha Dereva

Probox ya Keroka kwenda Kisii haijai mpaka mtu mmoja akubali kukaa na dereva. Sisemi kando ya dereva. Kando yake wapo wawili tayari, na mmoja amepakata kuku. Nasema kwenye kiti chenyewe, kile kilichoshonewa makalio ya mtu mmoja. Dereva husogea kushoto, abiria huingia kwa mlango wa kulia, huuvuta mara tatu ndipo ufunge, na safari ikaanza. Toyota ilipoanza kuuza gari hili mwaka 2002 ililipangia watu 5. Wajapani ni werevu, lakini hawajasimama steji ya Keroka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeshuka, na mpiga debe anaita "mmoja wa mwisho" kwa mara ya nne.

Huyo mmoja wa mwisho hajapata wa kumsifu. Magazeti humtaja gari likibingirika tu, na hata hapo humwita abiria wa ziada, kana kwamba alidondokea humo kutoka juu. Nimekuwa yeye mara nyingi kuliko ninavyotaka mke wangu ajue, kwa hiyo naomba niachiwe nimsifu mimi.

Anapasha joto, na asiyejua thamani ya hilo hajaionja Julai ya Keroka. Anamzuia dereva kusinzia, maana hajazaliwa anayesinzia na kiwiko cha mwenzake mbavuni. Tena ni puto la usalama: magari ya wakubwa yana la kujifutua lenyewe yakigongwa, letu linalipa nauli. Hayo ni madogo, tuyapite.

Sifa yake kuu ni utumishi. Katika magari haya ya Japani wenzo wa indiketa uko kulia kwa usukani, yaani gotini pangu. Kabla hatujafika Keumbu huwa goti langu limetangaza kukata kulia mara tano au sita, na gari halijakata popote. Wanaotufuata nyuma wamejifunza subira ambayo hata kanisani hawajaipata. Kioo cha mbele kikishika ukungu, leso yangu ndiyo hupanguza. Kioo cha pembeni dereva hakioni kwa sababu kichwa changu kimekiziba, basi huniuliza, "Omogaka," yaani mzee, "kuna mtu nyuma?" Nami humjibu. Mimi, ambaye sijawahi kufanya mtihani wa udereva, nimewaruhusu watu tisa na kuku mmoja kulipita lori mlimani kwa neno moja tu: "Twende."

Sijafika kwenye simu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Angalia neno lilivyowekwa: dereva. Abiria hakutajwa. Simu ikilia, mimi ndiye huitoa kwenye mfuko wake wa shati, huibonyeza na kuishika sikioni mwake, na mikono ya dereva wetu inabaki safi mbele ya sheria. Anayepiga kwa kawaida ni mwenye gari: umebeba wangapi, mbona jana hesabu haikutimia. Akikata, hupiga dereva mwenzetu aliyetangulia: polisi wako pale chini ya mlima, wawili, mmoja mgeni. Kisha unaingia ujumbe wa M-Pesa, na kwa kuwa macho ya dereva yana kazi, naombwa niusome kwa sauti. Salio la mtu ni siri baina yake na mkewe, pengine si hata mkewe, nami nimelisoma kwenye kona gari zima likisikiliza. Afisi gani ya serikali ina karani mtiifu hivi?

Asubuhi moja ya mvua dereva aliichukua simu mwenyewe. Kulikuwa na video ya mtu akiteleza kwenye matope, akaanza kucheka, akanigeuzia nami nicheke. Lori la majani chai lilikuwa linatokeza kwenye kona. Mtoto wa shule, aliyekunjwa kwenye buti na begi lake kifuani, akasema "dereva" kwa sauti ndogo. Mtoto. Watu wazima tulikuwa saba mbali na dereva, na hakuna aliyefungua mdomo, na mimi niliyekuwa karibu na sikio lake kuliko wote nilikuwa nikitabasamu kwa adabu. Tulipishana na lile lori kwa upana wa kiganja. Nimejaribu kuiweka habari hii kwa mzaha kama nyingine, haikubali.

Na tulishafundishwa kusema. Mwaka 2015 stika za Zusha! zilienea kwenye matatu nchini Kenya, zikimhimiza abiria apaze sauti dereva akiendesha vibaya. Hayakuwa maneno ya kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walikuwa wamezijaribu stika za aina hiyo kabla, na madai ya bima yakapungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Lakini kuzusha kunataka uwe na kiti chako. Aliyekalia nusu ya kiti cha mwenzake hazushi, hushukuru.

Sasa wako wanaosema mambo haya yapigwe marufuku. Ndugu zangu, yalishapigwa. Tarehe 1 Februari 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kazi, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kila kiti kikapata mkanda, na nissan ikabeba abiria 14 bila nusu ya kumi na tano. Nchi nzima ilikaa wima. Siku hizi ajali kubwa ikitokea tunatangaziwa msako. Probox zote hutoweka kwa siku chache, nauli hupanda mara mbili, sisi hufika kazini tumechelewa na viatu vina tope, na tunaulaani msako, si Probox. Wiki ikiisha mpiga debe anaita tena mmoja wa mwisho, na mimi nakimbia nisipitwe.

Yupo, hata hivyo, asiyelalamika, naye ni afisa wa kizuizini. Abiria wetu hupata cheo chake cha juu kabisa kwenye kizuizi cha polisi, kwa sababu dirisha la kulia ni lake, na dirisha la kulia ndilo afisa hujia. Siku ninayoikumbuka zaidi, dereva alinitilia noti iliyokunjwa kiganjani mapema, kama unavyompa mtoto sadaka ya kupeleka. Afisa aliinama. Aliniangalia mimi, akauangalia usukani, akaniangalia tena. Aliona wawili kiti kimoja, wawili kando, kuku, wanne nyuma yetu, na huko kwenye buti magoti ya mtoto. Akaniuliza kama Keroka mvua imenyesha. Nikasema imenyesha, Mungu ametukumbuka. Mikono yetu ikakutana, akatutakia safari njema.

Unaona ni nani hasa anayemzubaisha dereva. Simu ni kengele tu, mkono wa kuivuta uko kwingine. Mwenye gari anataka hesabu yake, aliye chini ya mlima anataka yake, na Keroka nyumbani mambo ni yale yale: mji umekalia mpaka, huku Kisii, huku Nyamira, na tangu kaunti zianze mwaka 2013 hizo mbili zimekuwa zikivutana nani akusanye ushuru, hadi wachuuzi wakalalamika kutozwa na pande zote mbili. Mji wote ni kiti kimoja kilichokaliwa na wawili. Wakati wa kutoza utawaona wote wawili. Ukiuliza ni nani kati yao atatutengenezea steji yenye paa, kila mmoja anasogea kidogo kumpisha mwenzake.

Ile noti ilikuwa ya shilingi 100. Tulipofika Kisii nililipa nauli yangu kama wengine, na dereva hakunipunguzia hata shilingi 10.